Zote Zangu na Sauti Aliyoikataa

...saa ya mkononi, jamani! Malaika wa filamu kashuka kutoka mbinguni, mabawa haya hapa, na mkononi kavaa saa! Ukumbi mzima umeganda kwa hofu, na mtu wetu kwenye maiki anasema, "Tulieni, huyu hajachelewa."

Huyo ndiye tuliyempoteza, wasikilizaji wapendwa. Mfasiri wa filamu. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya skrini, maiki mkononi, akatuletea filamu za watu kwa Kiswahili chetu. Sauti ya jambazi, yake. Ya bibi harusi, yake. Ya farasi, yake pia! Ukimuuliza nani kaigiza, anakwambia, "Zote zangu." Basi jina likaganda. Zote Zangu. Zote Zangu hatunaye tena.

Na maoni yake sasa! Hakuna aliyemuuliza, alimwaga tu. Nabii akitokea jangwani na meno meupe pee: "Huko jangwani dawa ya meno iliuzwa duka gani?" Shetani akiingia na muziki wa kutisha: "Muongo huyu. Shetani wa kweli haji na muziki, anakuja na salamu." Watu wanacheka, halafu kicheko kinakatika chenyewe. Tamthilia za runinga ndizo zilizomchosha kabisa. Alisema mle mgonjwa anaombewa dakika moja anapona, ila kumwambia mtu nakupenda inachukua mwaka mzima.

Lakini kuna sauti moja hakuigiza. Nairudia, maana habari yote imekaa hapo. Sauti moja hakuigiza kamwe. Kwenye filamu za dini, Mungu akianza kusema, Zote Zangu alizima maiki. Tik. Ukumbi unabaki na mngurumo wa lugha ya watu, hakuna anayeelewa, hakuna anayekohoa. Mungu akimaliza, tik, anawasha, tunaendelea.

Bintiye, ambaye ni msusi, aliwahi kumuuliza utotoni. "Baba, mbona pale unatuacha?"

Akamjibu, "Mwanangu, jambazi nimemwona. Bibi harusi nimemwona. Yule nimemsikia wapi hata nimwige?"

Sasa, wasikilizaji wapendwa, juzi juzi hapa kituo kimoja cha runinga kikamwita. Kina filamu ya ile bustani ya mwanzo, mume na mke na nyoka, kinataka aitie Kiswahili. Yote. Msimamizi wa studio akamwambia wazi, "Mzee, runinga ikinyamaza watu wanadhani imeharibika. Wanahama."

Mkewe akamkataza. "Baba watoto, hiyo iache. Umeikwepa ujana wako wote, uje uiguse uzeeni?"

Akaenda. Akaigiza. Akarudi nyumbani hana utani, chakula akakigusa tu, akaenda kulala. Asubuhi hakuamka.

Daktari alisema ni moyo, ulikuwa unamsumbua kitambo. Mjane hakutaka kusikia. "Moyo gani! Ameazima sauti isiyo yake, mwenyewe kaja kuidai." Runinga ya sebuleni akaigeuzia ukutani. Akaifunika na shuka juu. Na bado, anamwambia bintiye, anahisi inamtazama mgongoni.

Halafu kituo kikaleta ujumbe. Hakitaonyesha filamu bila mjane kuridhia. Akikataa, sauti ya marehemu inafutwa, anawekwa mfasiri mwingine. Binti hakukubali. Kwa sababu ukumbini, miaka yote ile, baba alisema moja kwa moja na maneno yakapotea hewani. Hakuna aliyerekodi. Sauti ya Zote Zangu imebaki sehemu moja tu duniani, na mama yake anataka ifutwe.

Akambembeleza. "Mama, tukaisikilize kwanza. Ukisema ifutwe, sitabisha."

"Utabisha. Nakujua, umerithi mdomo."

Lakini wakaenda. Jana mchana. Chumba kidogo, kuta zimebandikwa sponji, ukiongea neno linafia mdomoni. Msimamizi akabonyeza. Na baba akaanza kusema, mzima kabisa! Mume, yeye. Mke, yeye. Nyoka kampa sauti ya dalali wa viwanja, tamu, yenye haraka, mpaka mama akaguna kama mtu anayezuia kicheko.

Kisha kwenye skrini wale wawili wakajificha kwenye majani. Zikasikika nyayo. Mama akamshika binti kiganja, akakibana. Binti akajikaza kusubiri radi, maana kwenye filamu Mungu lazima angurume.

Haikuja radi. Ikaja sauti ya chini, imechoka kidogo, ya mtu anayeingia mlangoni.

"Uko wapi?"

"Nipo jikoni," mama akajibu.

Wasikilizaji wapendwa, mama akajibu! Msimamizi akatoa mkono kwenye vitufe. Ndivyo ilivyokuwa kila jioni ya ndoa yao: baba anaingia, hajavua hata viatu, anauliza hivyo, kwa sauti hiyo hiyo, na mama anajibu hivyo.

Mama hakulia. Alibaki ameitazama ile spika nyeusi, shingo kaiinamisha kidogo. "Sauti haikunitisha," binti anasema. "Kilichonitisha ni mama. Alikuwa anasubiri neno linalofuata."

Baadaye sana mama akamgeukia msimamizi. "Onyesheni. Ila hapo, mwanangu, msimwekee muziki."

Tunawapa pole mjane, binti, na wote waliowahi kukaa kwenye mabenchi ya ukumbi ule. Na wewe unayenisikia, leo ukifika kwako, kabla hujavua viatu, muulize mtu wako alipo. Na ukiulizwa, jibu. Usijifanye hujasikia.

Filamu inaonyeshwa leo jioni. Nimealikwa kukaa nao sebuleni. Swali litaulizwa tena mle ndani, mama akiwa kakaa palepale. Atakachojibu safari hii, na kama kutakuwa na neno linalofuata, kesho nitawasimulia. Nikiwa na sauti.