Kiti Kilicholia Kwenye Wimbo wa Tatu

Macho hayana pazia, na masikio nayo ni vivyo hivyo. Mshonaji alijikuta akiwasikiliza wawili waliokaa mbele yake kwenye basi, fundi redio na mzee mwenye mkongojo. Fundi alikuwa ameshika CD mpya ya albamu ya roki ya zamani.

"Hii wameisafisha upya, mzee wangu. Ile ya kwanza ilikwaruza kama paka juu ya bati. Sasa dramu zinakufika mpaka tumboni."

"Na wimbo wa tatu? Kabla dramu hazijaingia, kuna kiti kinalia kwiii."

"Hicho wamekiondoa. Kilikuwa kasoro."

Mshonaji alikubaliana naye kimoyomoyo, maana uzi uliotokeza hukatwa.

Mzee alinyoosha mgongo kama anayepigwa picha. "Mimi ninayo ile ya zamani. Ikifika kwiii, wajukuu wangu wote hunyamaza."

"Wananyamazia kasoro?" Fundi alicheka. "Mzee, sikio langu lina miaka ishirini kazini."

Basi likasimama. Mzee aliinuka taratibu, akaegemea mkongojo wake.

"Kasoro hiyo nilikuwa nimeikalia mimi, mwanangu. Dramu zinazokufika tumboni nilizipiga nikiwa hapo hapo juu yake."