Kona, Aliyepiga Picha Magari Yakipita

Maneno haya yametungwa na mke wa marehemu. Yeye hakupata shule, kwa hiyo alisema na binti yao akaandika. Kaka wa marehemu alikuwa ameandaa wasifu wake, wenye Kiswahili kizuri kuliko hiki, lakini mwaka wa ndoa ulikosewa, na mke alitajwa mwishoni kabisa, baada ya wapiga picha wenzake. Tunamshukuru shemeji kwa nia yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Agosti 1958, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na gereji ya malori. Baba yake alikuwa dereva wa lori, mama yake aliuza maziwa. Mama mkwe, ambaye ametangulia, alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu akiwa bado anatambaa alilijua lori la baba yake kabla halijafika getini, akaanza kupiga makofi. Lakini baba akishuka na kunyoosha mikono ambebe, mtoto alimpita chini ya mikono hiyo na kwenda kuligusa gurudumu. "Huyu hatambui watu," mama mkwe alisema, "huyu anatambua injini." Kila aliposimulia, watu walicheka. Mkewe naye alicheka, mwanzoni.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha matofali, kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, kisha sekondari ya kutwa hadi kidato cha nne, mwaka 1976. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mwaka uliofuata alipata kazi ya kufagia katika studio ya picha iliyokuwa mkabala na posta. Mwenye studio, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliona kijana ana mikono mitulivu, akamfundisha kusafisha picha. Kwa miaka minne marehemu alipiga picha za vitambulisho. "Inua kidevu. Usicheke. Anayefuata." Maneno hayo hayakumtoka tena. Hata watoto wake walipokuwa wadogo na kusimama mbele yake na madaftari yao, aliwaambia vivyo hivyo: "Anayefuata."

Mwaka 1981 yalifanyika mashindano ya magari, na mzee wa studio aliyekuwa ameombwa kupiga picha akashikwa na mgongo. Alimtuma kijana wake. Marehemu alirudi jioni akiwa na vumbi hadi kwenye kope, hakula, akaingia chumba cha giza na mikanda yake ya picha. Tangu siku hiyo vitambulisho vilikuwa vya kumpatia mkate tu. Moyo wake ulikuwa barabarani.

Alizoea kusimama kwenye kona, kwa sababu hapo gari hupunguza mwendo na kulala upande mmoja. Ndipo wenzake wakamwita Kona, na wengi wenu hapa hamkumjua kwa jina jingine. Alikuwa na namna yake ya kupiga. Gari likija, aliifuata njia yake kwa kamera, shingo na kiuno vikigeuka pamoja, akabonyeza huku bado anageuka. Ukiitazama picha, gari limetulia kama limeegeshwa, unasoma hata maandishi ya ubavuni, na vyote vilivyosimama, miti, kuta, watu, vimevutika vikawa mistari. Wengi walijaribu namna hiyo wakaharibu mikanda. Yeye aliiweza. Picha zake zilitoka magazetini na kwenye kalenda za wauza matairi, na katika nyumba nyingi ambako hakuwahi kuingia kuna ukuta wenye gari lake.

Yeye na wenzake walikuwa na kikao chao kila Jumapili ya mwisho ya mwaka, nyumbani kwa mmoja wao kwa zamu. Kila mpiga picha alileta picha moja tu, ile aliyoipenda kuliko zote za mwaka huo, akailaza mezani kifudifudi. Walizifunua moja moja, na mwenye picha akaeleza kwa nini ameichagua. Walikuwa na sheria moja ngumu: picha ya mshindi hairuhusiwi. Kikombe na maua, walisema, kila mtu anaweza kupiga. Mwaka mmoja marehemu alifunua picha ya gari lililochomoka gurudumu, na gurudumu lenyewe likikimbia peke yake mbele ya gari, likielekea mwisho wa mbio.

"Kona, hiyo iondoe!" alipaza sauti mwenzake aitwaye Tope. "Hiyo ni picha ya mshindi!"

"Mshindi yupi?"

"Si hilo gurudumu! Limefika kabla ya dereva!"

Walicheka hadi chai ikamwagika kwenye picha ya mtu. Marehemu alicheka akishika mbavu. Mkewe aliyekuwa akifuta meza hakuwahi kumwona akicheka vile siku nyingine yoyote, na kwa kuwa lilikuwa jambo zuri, limeandikwa hapa.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1991, si 1993 kama kaka yake alivyoandika. Mkewe alikuwa na miaka kumi na tisa, fundi cherehani. Kwao waliosomeshwa walikuwa wavulana. Siku ya harusi marehemu hakumwamini mpiga picha yeyote. Alitia mkanda mpya kwenye kamera yake mwenyewe, akampa Tope, akamwonyesha pa kubonyeza. Walipigwa wakiwa wamesimama, wamekaa, na wazazi, na bila wazazi. Jioni marehemu alipofungua kamera, ncha ya mkanda haikuwa imeshika mahali pake. Kila Tope alipobonyeza, mkanda ulikuwa umelala palepale, haukusogea hata kidogo. Hapakuwa na picha hata moja. Fundi aliyefundisha wengine kutia mkanda alikosea wa harusi yake. Kinyozi hajinyoi.

Bibi harusi alilia. Bwana harusi alimfuta machozi, naye alikuwa mpole sana usiku ule, na hilo pia ni kweli.

"Usilie, mama. Hiyo si kazi. Wiki ijayo unavaa tena gauni, nakupiga mwenyewe, peke yako, dirishani."

Wiki iliyofuata kulikuwa na mashindano. Mke alilitundika gauni, akangoja. Alipolishusha, lilikuwa limekuwa dogo kwa ajili ya mimba. Akasema basi, hata bila gauni. Alikumbusha alipomzaa binti yao mwaka 1993, alikumbusha alipomzaa mtoto wa kiume mwaka 1996. Kisha akaacha kukumbusha kwa mdomo, akawa anakaa pale dirishani na cherehani yake kila mumewe aliposafisha lenzi. Alikuwa ameolewa na mpiga picha, na hakuwa na picha yake hata moja iliyopigwa na mumewe, isipokuwa ya kitambulisho. Siku ya picha hiyo alipanga foleni studio na wateja wengine. Aliambiwa ainue kidevu.

Nyumbani jiko lilikuwa ndilo chumba cha giza. Marehemu aliziba dirisha kwa blanketi, na familia ilipika picha zikishaiva. Picha zilioshwa katika beseni la kuogeshea mtoto, zikatundikwa kwenye kamba pamoja na nepi. Mke alijua kemikali ipi ni ipi kwa harufu. Hata hivyo, vikao vilipofanyika nyumbani kwao na mgeni mmoja akauliza, "Na wewe, shemeji, ipi imekupendeza?" marehemu alimjibia: "Huyo muacheni. Picha hazijui." Alisema bila ubaya, kama mtu anavyosema kwamba nje kuna mvua. Mke alirudi jikoni. Alikuwa amekwisha kuchagua, lakini hakuna aliyengoja kusikia.

Kuanzia mwaka 2009 hadi 2013 marehemu aliishi karibu na uwanja wa mbio, katika chumba cha kupanga, kwa ajili ya kazi. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke, na baada ya muda kodi haikuwa ikidaiwa. Ndugu wameomba jambo hili lisisomwe. Limekwisha kusomwa, tuendelee. Katika miaka hiyo mke alisomesha watoto kwa cherehani, na jioni aliweka sahani tatu mezani, akazoea.

Marehemu alirudi nyumbani mwenyewe, akiwa na mfuko mmoja wa nguo na masanduku mawili ya kamera. Mke alimfungulia. Wengi walimuuliza kwa nini. Hana jibu refu: alikuwa mumewe, na alikuwa anakohoa.

Kikohozi hicho hakikupona. Madaktari wa hospitali ya mkoa walisema mapafu yamekuwa magumu, na kwamba miaka ya vumbi haikumsaidia. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 2023 alikuwa hawezi kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni bila kupumzika. Mashindano yakawa yanasikika redioni tu. Alihamishiwa sebuleni, kwenye kiti karibu na dirisha, na kamera mapajani, kama wengine wanavyokaa na paka. Mkewe alimuogesha, alimlisha, alimgeuza usiku. Katika miezi hiyo walikuwa wawili tu, na nyumba ilikuwa kimya hata saa ya ukutani ilikuwa kama mgeni anayezungumza sana. Mke alifikiri: sasa hana pa kwenda. Sasa ataniona. Wakati mwingine alichana nywele mbele ya dirisha lile bila sababu.

Mwezi wa Julai waliuza gari lake la zamani, ambalo injini yake ilikuwa imekufa. Fundi wa gereji ya jirani alilinunua kwa ajili ya vipuri, akaja asubuhi na kijana mmoja kulisukuma. Ua una mwinuko kuelekea getini, na watu wawili hawakutosha. Mke aliacha kushona, akatoka, akaweka mabega upande wa kushoto.

"Mama, acha, utaumia," alisema fundi.

"Sukuma wewe. Likirudi nyuma litavunja ukuta wangu."

Walisukuma. Katikati ya mwinuko mke alisikia kamera ikilia dirishani, mara moja. Hakugeuka, maana angegeuka gari lingerudi. Alisukuma hadi barabarani, akarudi ndani huku moyo ukimwenda mbio kama wa msichana, akasimama mbele ya kiti.

"Baba watoto, umenipiga?"

Marehemu alikuwa akitazama kioo cha kamera, ambayo siku hizi haikuwa ya mkanda. Alitabasamu.

"Nimelipiga gari," alisema. "Limetulia. Tazama."

Kikao cha mwaka huo kilifanyika nyumbani kwao, kwa heshima ya mgonjwa. Wapiga picha walikuja na picha zao. Tope alileta ya dereva aliyelala usingizi juu ya boneti akisubiri kreni, na mwingine ya gari likiruka juu ya daraja mvuani. Marehemu alipofunuliwa yake, wote waliinamia meza. Gari bovu linasukumwa polepole, na bado ameligeukia vilevile kama linalokimbia: ukuta na geti vimekuwa mistari, gari limetulia, kila kutu inaonekana. Na kwa kuwa wale waliokuwa wakisukuma walikwenda kwa mwendo wa gari, nao wametulia. Unaona mshono wa gauni. Unaona kisigino kilichopasuka.

"Kona," alisema Tope, "hii umetumaliza. Na hawa nyuma ni kina nani?"

"Wasukumaji tu."

Mkewe alikuwa amesimama pale na sinia la vikombe. Tope alimtazama, akalitazama gauni lake, kisha akainamia chai yake. Walikubaliana kwamba ndiyo ilikuwa picha ya mwaka.

Marehemu alifariki dunia Jumanne tarehe 6 Februari 2024, alfajiri, nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na mitano. Mkewe alikuwa amemshika mkono. Marehemu alikuwa ameelekea dirishani.

Wenzake waliomba picha hiyo ichapishwe katika kijitabu hiki, ikiwa ya mwisho aliyoipiga. Mke alikubali, akataka iandikwe chini yake aliyemo. Kaka wa marehemu alikataa.

"Shemeji, hii ni picha ya gari. Uso wako hata hauonekani."

"Ndiyo maana nataka paandikwe."

Tope alieleza kwa upole kwamba picha ya mwaka haiandikwi watu. Huandikwa gari, mahali na tarehe, na Kona mwenyewe ndiye aliyekuwa mkali kwa hilo. Mke alisema basi haitatoka, kwa kuwa imo sandukuni mwake na ufunguo anao yeye. Tope akauliza: "Tuandikeje, shemeji?" Hakuna aliyekuwa amemuuliza mke huyu neno lolote juu ya picha akangoja jibu. Alimjibu.

Marehemu ameacha mjane, mtoto wa kike na wa kiume, wajukuu watatu, kaka mmoja, dada wawili, na wenzake wa barabarani waliompenda.

Picha iko ukurasa wa mwisho. Chini yake pameandikwa hivi: "Gari la mpiga picha likitolewa uani, Julai 2023. Anayesukuma upande wa kushoto ni mke wake."

Apumzike, na amani imkute ametulia.