Mwalimu Leberecht Döring na Wimbo wa Mfua Nguo

Jumamosi hii, tarehe 30 Septemba 1865, Mwalimu Leberecht Döring anashuka jukwaani baada ya kuiongoza okestra ya kasri la Waldrode kwa miaka thelathini na minne. Alikuja kwetu akiwa na koti moja jeusi na sanduku la nota lililomshinda kubeba. Koti, kwa kadiri ninavyoona, ni lile lile.

Mimi Traugott Henkel, mpiga pembe wa pili, nimekaa mbele ya fimbo yake miaka ishirini na mitatu. Siku aliyonijaribu hakuniuliza nimesomea wapi.

“Henkel, asubuhi ulipoamka ulisikia nini?”

“Bata, Mwalimu.”

“Wakipiga kelele kwa pamoja, au kwa kupokezana?”

Sikujua. Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyelala karamu ikapita. Kazi nilipewa, lakini tangu siku hiyo bata sijawapuuza.

Katuachia simfonia tatu, misa mbili na nyimbo zaidi ya themanini. Hata hivyo hakuwahi kujisifu kuwa ana kipaji. “Msanii huitwa tu,” alizoea kusema, “halafu huachwa amtafute mwenyewe aliyemwita.” Wengine walidhani ni maneno ya kupamba. Mwaka 1844 tulijua kwamba hakuwa akitania.

Mwaka huo alikamilisha Simfonia ya Pili, na kasri zima lilingoja kwa hamu. Wiki moja kabla ya onyesho, alipokuwa akipita mtoni, alimsikia mfua nguo aitwaye Walpurga Kästner akiimba huku akikamua mashuka. Ulikuwa ndio wimbo wa sehemu ya tatu, nota kwa nota! Mwalimu aliyeamini ameutunga mwenyewe kumbe alikuwa ameuokota kupitia dirisha lake, miaka mingi akiusikia bila kujua.

Mtu mwingine angenyamaza. Yeye aliteremka hadi majini na viatu vyake.

“Mama, wimbo huo ni wa nani?”

“Wa mashuka, bwana,” Walpurga akajibu. “Bibi yangu aliuimba. Yeye aliutoa wapi, kamuulize kaburini.”

Mwalimu akaenda moja kwa moja kwa msimamizi wa kasri, akataka jina la Walpurga lichapwe kwenye ratiba ya onyesho kando ya lake. Msimamizi nusura apaliwe na kahawa.

“Jina la mfua nguo, mbele ya Mtawala? Döring, una akili timamu? Ukishikilia hilo, utafute kasri lingine.”

“Basi futa na langu,” Mwalimu akasema.

Siku tatu hatukujua kama bado tuna kiongozi. Mkewe, Bibi Adelgunde, alianza kufunga vyombo. Mwishowe ratiba ikatoka bila jina lolote, na Mwalimu, kabla ya kuinua fimbo, aligeuka akamweleza Mtawala mwenyewe wimbo ule umetoka kwa nani. Mtawala akauliza kama mwanamke huyo yumo. Yumo, akajibiwa, juu kabisa nyuma ya nguzo. “Basi tuusikie,” akasema.

Onyesho lilipokwisha tulipigiwa makofi mpaka mikono ikawawasha watu. Walpurga akashuka ngazi taratibu, Mwalimu akamkimbilia. “Umeonaje, mama?”

“Ni mtamu. Ila mmeuvuta mno. Kwa mwendo huo, mashuka hayakauki hadi Krismasi.”

Tulicheka, Mwalimu hakucheka. Kesho yake alituketisha, akabadilisha mwendo wa sehemu yote ya tatu, na ndivyo tunavyoipiga mpaka leo.

Alhamisi, baada ya mazoezi ya mwisho, nilijipa moyo nikamuuliza: miaka yote hii, Mwalimu, muziki ni nini hasa? Alikunja miwani yake polepole.

“Henkel, ningekuwa najua, ningestaafu zamani.”

Sasa yeye na Bibi Adelgunde wanahamia milimani kwa dada yake Bibi. Inasemekana wachungaji wa huko huitana kutoka mteremko hadi mteremko kwa mlio ambao Mwalimu bado hajausikia. Ameshanunua karatasi tupu za nota mia mbili.

Ahsante, Mwalimu, kwa kutufungua masikio. Nenda salama, uishi kwa furaha na afya, na ukiusikia mlio huo, tuandikie.