Marehemu Thaib bin Leube Saman, Mgeni wa Chini ya Ngazi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, anayetuazima watu kwa muda na kuwachukua kwa wakati wake.

Majirani zetu wa Blang Keumala, ndugu wa marehemu mliotoka Lam Reudeup, wakwe zetu, asanteni kwa kuketi nasi siku hii ya saba. Maneno haya nimeyaandika mimi Ruwaida, bintiye, na anayasoma mwanangu Fuad, maana sauti yangu isingefika nusu ya ukurasa. Yakiwapita msihuzunike, yamechapwa mwishoni mwa kijitabu cha Yasini mlichonacho mkononi.

Marehemu Thaib bin Leube Saman, ambaye wengi wenu mlimwita Apa Thaib, alizaliwa Lam Reudeup, Pidie, mwezi wa Machi mwaka 1939. Siku yenyewe haikuandikwa. Mama yake alikuwa akisema tu kwamba mpunga ulikuwa umeinama kwa uzito, naye vilevile, na vyote viwili vilivunwa wiki moja.

Shule ya kijiji aliisoma miaka mitatu, akajua kuandika jina lake na kujumlisha. Elimu yake kubwa aliipata meunasah, nyumba ya sala ya kijiji, ambako alihamia kulala akiwa bado mdogo, kama wavulana wote wa kwetu, akijifunza Kurani kwa mwalimu wa hapo, Teungku Banta. Alipenda kutusimulia jinsi Teungku alivyomuuliza siku moja mbele ya wenzake:

"Wewe Thaib, kwenu ni wapi?"

"Mchana kwa mama, Teungku. Usiku hapa."

"Na ukishaoa?"

"Mchana barabarani. Usiku kwa mke."

Teungku alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Basi wewe umeshahitimu," akamwambia. "Wenzako hawa wakizeeka ndiyo watayajua hayo."

Mwaka 1956 alimfuata kaka yake huko Idi kulima pilipili manga. Pilipili haikumpenda. Akaiacha, akanunua baiskeli, akawa anauza vitambaa vijiji vya huko Langsa, mlango kwa mlango. Zilikuwa nyakati ngumu, barabara zina bunduki, na mtu akiaga haijulikani kama atarudi. Yeye alirudi kila mwaka, wakati wa mavuno na siku ya meugang, siku ya kila nyumba kupika nyama, kesho yake ikiwa Ramadhani. Watu wakimuuliza mali yake iko wapi, hupiga kiti cha nyuma cha baiskeli kwa kiganja, akasema, "Hii hapa. Ikinyesha naifunika."

Alimwoa mama yetu, Juwairiah, binti pekee wa Bibi Hindon, mwezi wa Juni mwaka 1962, hapahapa Blang Keumala. Alipozaliwa kaka yangu Zulkifli, Bibi Hindon alimkabidhi binti yake nyumba hii ya juu ya nguzo mnayoiona, na shamba la mpunga lililo nyuma yake, na minazi. Yeye Bibi akahamia kijumba cha karibu na jiko. Ndivyo ilivyo kwetu. Mwanamume ana safari, mwanamke ana nyumba, na mume akimtaja mkewe humwita mwenye nyumba.

Waume wengine hulitamka neno hilo kwa mazoea tu. Marehemu alilitamka kwa adabu. Kila alipofika chini ya ngazi, hata kama alikuwa ametoka kumwangalia nyati shambani, alisimama kando ya mtungi wa maji akaita:

"Assalamu alaikum, mwenye nyumba. Nipande?"

Na mama anajibu akiwa ndani, "Osha miguu, panda."

Majirani walimtania. "Apa Thaib, umeoa au umepanga chumba?" Naye huwajibu, "Mpangaji ana afadhali, ana mkataba. Mimi nina baiskeli."

Mwaka 1966 hata baiskeli hakuwa nayo. Hadithi hii tumelelewa nayo, na wazee mliopo hapa mnaijua. Alikuwa njiani kurudi kwa meugang, mto umefurika, daraja limekwenda. Alijaribu kuvuka, maji yakachukua baiskeli, vitambaa na viatu. Siku ya meugang akaingia kijijini karibu adhuhuri, mikono mitupu, wakati kila jiko linafuka moshi wa nyama. Na ninyi mnajua mwanamume wa kwetu asiye na nyama siku ile anavyojiona. Hakuweza kuja chini ya ngazi. Alikwenda moja kwa moja meunasah, akaketi pembeni na wavulana, kama hajawahi kuoa.

Habari ilimfikia Bibi Hindon kabla hajakauka nguo.

"Mumeo yuko meunasah," akamwambia mama.

"Nimesikia."

"Kaja na nini?"

"Kaja na miguu yake."

"Miguu haipikwi, mwanangu."

"Basi nipe kisu cha mafenesi."

Mama akaangusha fenesi bichi, akalikata vipande vikubwa, akalipika kwa nazi ya kukaanga, giligilani na pilipili, viungo vilevile vya nyama, na madirisha ya jiko yote akayafungua. Jirani akaita kutoka ng'ambo ya ua, "Juwairiah! Thaib kaja na nyama gani inanukia hivyo?"

"Kaja na ya kututosha," akajibu, na hilo lilikuwa kweli.

Kisha akajitanda, akabeba mzigo wa kuni, akaenda mwenyewe kusimama uwanjani mwa meunasah, mahali ambapo wanawake hawana kazi. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwenye nyumba anauliza, chakula kinapoa, au umesahau njia?"

Wanaume wote wakageuka kutazama. Marehemu akatoka, kichwa chini. "Sina kitu mkononi, Juwairiah."

"Nimeona. Ndiyo maana unaweza kunibebea kuni hizi."

Akampakatisha kuni, akatangulia. Ndivyo alivyopanda ngazi siku ile, kwa heshima, mikono imejaa. Walipoketi kula, Bibi Hindon alitafuna kidogo, akamtazama mkwewe, akasema, "Ng'ombe huyu alikuwa na mbegu." Marehemu alisema hajacheka hivyo tena maishani, wala hajala nyama tamu kuliko ile.

Aliendelea kusafiri mpaka miaka ya tisini, nyakati za bunduki ziliporudi na mama akamkataza. Akawa mkulima wa shamba la mkewe. Alilipenda shamba hilo, akalinyoosha mifereji yake, lakini mtu akimwambia "shamba lako linapendeza," alimsahihisha. Mimi nilipoolewa na Razali mwaka 1990, wazee wangu walinikabidhi nyumba, wao wakahamia chumba cha nyuma. Hata hapo salamu haikubadilika. Alisimama chini ya ngazi, akamwita mama, na mama akamjibu.

Tarehe 8 Mei 2011 mama yetu akafariki. Khitima ya arobaini ilipopita, nilimkuta baba anakunja mkeka, begi lake la zamani liko mlangoni.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Meunasah."

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu. Mwenye nyumba ameondoka, mwanangu."

"Mwenye nyumba si mimi? Mlinipa wenyewe."

"Wewe ni mwenye nyumba wa Razali. Razali ni mgeni wako. Mimi nitakuwa mgeni wa mgeni?"

Nililia, naye akanifuta machozi kwa ncha ya saruni yake, halafu akaenda. Kaka zangu walimjia. Zulkifli alimwambia, "Baba, ningekuchukua leo hii, ila mimi mwenyewe kule kwa mke wangu nabisha hodi." Bukhari anaishi Medan katika nyumba ya wakwe. Baba akawaambia wasijisumbue, alianza maisha kwenye mbao za meunasah na anaweza kuyamalizia hapo.

Hilo la kuyamalizia ndilo lililoninyima raha. Alikuwa na miaka sabini na miwili, analala juu ya mbao, anakohoa. Niliogopa atafia pale kama mpita njia, na nyumba aliyoilisha miaka yote inaonekana kutoka dirishani. Nilimpelekea chakula, akala kidogo, akarudisha sahani zimeoshwa zinang'aa. Mtu wa nyumbani harudishi sahani namna ile. Kumsihi hakukufaa. Nilimwomba Mungu anionyeshe njia, na siku moja nikitwanga nazi ya kukaanga nikamkumbuka mama na fenesi lake.

Meugang ya mwaka ule ilikuwa Jumapili, tarehe 31 Julai. Nilimwambia Razali, "Mwaka huu nyama yote mpelekee mama yako." Akashangaa, kisha akaelewa, akatii, Mungu amzidishie. Mimi nikajitanda, nikaenda kusimama palepale uwanjani.

"Baba, jikoni kwangu hakuna nyama."

Akatoa kichwa. "Razali yuko wapi?"

"Kaenda kwa mama yake."

"Na nyama?"

"Kwangu haijafika."

"Haijafika? Saa hizi? Jua limefika hapa?" Akaanza kutafuta kofia. "Mwanamume gani huyo! Wajukuu wangu wafungue Ramadhani kwa majani? Nipishe."

Akachukua fimbo, akaenda sokoni kwa mguu. Aliporudi, kipande cha nyama kinaning'inia kidoleni kwa kamba, kimefungwa kwa jani la mgomba. Nilimwona kutoka dirishani. Alifika chini ya ngazi, akasimama. Alisema, "Assalamu alaikum," akaishia hapo, akashindwa kuongeza neno lile jingine.

Mimi nilikuwa ndani. Nikajibu, "Osha miguu, panda."

Nikasikia maji ya mtungi yakimiminika, yakimiminika, kama mtu anayeosha miguu ya watu kumi. Halafu ngazi ikalia.

Nyama ilikuwa imeiva na tumeketi kula, mara mama mkwe wangu, Mama Saudah, huyu hapa amekaa mbele na amenipa ruhusa nilisimulie hili, akapiga kelele chini ya nyumba: "Ruwaida! Mbona huyu mwanangu kanirundikia nyama yote? Ninyi huku mmeanza kufunga leo?"

Sote tukainamisha vichwa. Razali akatazama paa. Baba akatafuna taratibu, akameza, akanitazama.

"Mama yako aliniita kwa fenesi," akasema. "Wewe umeniita kwa njaa. Akili ni moja."

Nikadhani atasimama aondoke. Kweli akasimama. Akaenda mlangoni, akainama juu ya ngazi, akaita, "Saudah! Unapigia nani kelele huko? Osha miguu, panda. Nyama ipo."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumkaribisha mtu juu ya ngazi hii. Wahenga wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mgeni naye alipona. Begi alilirudisha mwenyewe baada ya futari ya kwanza, na tangu hapo meunasah alikwenda kusali tu, na kuwagombeza wavulana waliolala wakati wa adhana.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021. Alilazwa hospitali mara mbili, na kila alipoulizwa anaishi wapi alijibu, "Kwa binti yangu," bila kuongeza utani. Kuanzia Juni mwaka huu hakuweza tena kupanda ngazi. Razali na Fuad walimbeba juu ya kiti. Hata hivyo wakifika kwenye mtungi aliwaamuru wasimame na mzigo wao, mpaka aite na mimi nijibu. Fuad akimwambia, "Babu, utatuua," yeye humwambia, "Nyie mna haraka. Mlango una mwenyewe."

Siku zake za mwisho nilimuuliza angependa alazwe wapi, kwao Lam Reudeup au hapa. Akasema hapa, kando ya Juwairiah, akaongeza, "Kama mwenye nyumba atakubali." Ndugu zake wa Lam Reudeup walikuwa na haki ya kumdai, nao wakamwacha kwa moyo safi. Tunawashukuru.

Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Septemba 2023, mwezi 28 Safar 1445, baada ya alasiri, katika chumba kilekile alichofia mama, shahada ikiwa mdomoni mwake. Alikuwa na miaka themanini na minne.

Ameacha watoto watatu: Zulkifli, mimi Ruwaida, na Bukhari, wakwe zake watatu, wajukuu tisa, vitukuu wawili, dada yake mdogo, Bibi Nuriah wa Lam Reudeup, na majirani ambao hakuwahi kupita mbele ya nyumba zao bila kuwasalimu. Ikiwa alimkosea yeyote kati yenu, njiani, shambani au kwa mzaha, tunaomba mmsamehe leo.

Razali na Fuad ndio waliomwosha. Mimi nilichota maji, na ya miguu niliyachota kwenye mtungi wa chini ya ngazi. Kwa hiyo amekwenda safi, kama alivyozoea. Mola amsamehe, ampanulie kaburi lake, amtulize baada ya safari zote zile. Na huko alikofika, akisimama kwa adabu yake kungoja, tunaomba asingoje sana, aisikie sauti anayoijua ikimwambia apande.