Kikohozi Nyuma ya Ukuta

Wasikilizaji wapendwa, mlionizidi umri, shikamooni. Wadogo zangu, nawaitikia hapo mlipo. Punguzeni moto jikoni, msogee.

Leo namkumbuka Nosim, mke wa Loserian, wa kijiji cha Sokon. Amezikwa Jumamosi, kando ya migomba yake.

Nosim aliongea na ng'ombe. Aliongea na kuku, na mbuzi, hata na mgomba ulioelemewa na mkungu. "Pole mama, vumilia. Kesho nakuletea mti wa kuegemea." Majirani tulicheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe.

Lakini jambo moja lilinitatiza. Kila akimaliza kusema, alinyamaza. Akatega sikio. Nilidhani ni uzee. Haukuwa uzee. Binti yake, Susana, alinieleza tukiwa tunaosha vyombo vya msiba.

Ilikuwa wakati wa Wajerumani, miaka michache kabla ya vita yao na Waingereza. Susana alikuwa mtoto wa mgongoni. Baba yake, Loserian, alichelewa siku mbili kazi ya kubeba mawe. Akafungwa bomani Arusha. Wiki hiyohiyo askari wakamchukua ng'ombe wao pia, jike jeusi, jina lake Narok. Bwana wa boma alitaka maziwa.

Narok akagoma. Askari alivuta chuchu mpaka akatokwa jasho. Alichopata ni teke, na ndoo ikabiringika. Ikabidi Nosim aitwe.

"Hujamsemesha," Nosim akamwambia. "Mtu akikushika bila hata salamu, wewe utampa nini?"

"Basi msemeshe, mama. Ila fupisha, bwana anangoja kahawa."

Basi kila asubuhi Nosim alikwenda bomani, mtoto mgongoni. Alimkamua Narok kando ya ukuta wa mahabusu. Akamsemesha kwa Kimaasai, kwa sauti kubwa.

"Narok, mtoto ameota jino. La chini. Narok, mdogo wako Lesikar amepona mguu. Narok, yule mbuzi mwizi amekula tena maharage."

Mmeelewa, wapendwa? Lesikar alikuwa mdogo wake Loserian. Maziwa yalikuwa ya bwana. Habari zilikuwa za Loserian, nyuma ya ukuta.

Na nyuma ya ukuta mtu alikohoa. Mara mbili. Kila habari, mara mbili. Nosim akarudi Sokon anaimba. Mume wangu yu hai. Mume wangu anasikia.

Siku moja askari, kumbe Kimaasai anakielewa, akauliza, "Ng'ombe ana mdogo wake mwenye mguu mbovu?"

Nosim akakamua tu. Askari akamtazama. Kisha akachukua kiko chake, akaenda kuvutia kule getini. Tangu siku ile alikaa kulekule. Je, alijua? Susana hajui. Mimi nasema ule ulikuwa wema, hata kama alifuata kivuli tu.

Ikapita miezi minne. Jioni moja Loserian akaingia uani. Amekonda, viganja vimechanika. Nosim akampa maziwa, akacheka, akasema, "Lile jino, sasa yako manne."

"Jino gani?"

Wapendwa, Loserian hakukaa bomani. Narudia, hakukaa. Alilala siku moja tu, akapelekwa kwenye kazi ya reli, ile iliyokuwa inakuja Moshi. Hakusikia hata neno moja.

"Sasa aliyekuwa anakohoa ni nani?" Nosim akauliza.

"Labda mgonjwa wa kifua."

"Mgonjwa hangoji mtu amalize kusema."

Asubuhi Nosim akaenda kukamua. Akasema, "Narok, baba wa mtoto amerudi nyumbani."

Halafu kikohozi. Mara mbili. Kisha mara ya tatu.

Kesho yake hakuna aliyekohoa. Mlango wa mahabusu ulikuwa wazi, ndani pamefagiliwa. Akawauliza askari. Wakamwonyesha ndoo tu.

"Yeyo, mama yangu, aliniambia," Susana akasema, mikono majini, "mwanangu, kuna mtu alijua habari ya jino lako kabla ya baba yako. Kikohozi chake kilinibeba miezi minne. Nami sikumwambia asante." Ndiyo maana Nosim alisema na kila kitu, kisha akangoja.

Alikuwa nani? Kwa nini alikubali kuwa mume wa mtu mwingine kwa kikohozi tu? Nimewaza tangu Jumamosi.

Susana, wajukuu, ukoo wote wa Loserian, poleni sana. Nasi tuliobaki, kabla hatujamcheka bibi anayesema na kuku, tujiulize anamngoja nani.

Na nina ombi. Huenda babu yako aliwahi kusimulia kwamba alifungwa boma la Arusha, na kila asubuhi mwanamke alimpa ng'ombe mweusi habari za nyumbani. Kama alisimulia, nenda Sokon, uliza kwa Susana. Usipige hodi. Simama mlangoni, ukohoe mara mbili, ungoje.