Dorca Aoko Shitanda na Dawa Alizozichagua Mwenyewe

Mchungaji, wazee wetu mliotoka Seme, shemeji mliotoka Kakamega, majirani wa Nyamasaria, wanakwaya, nanyi nyote mlioacha shughuli zenu leo Jumamosi tarehe 23 Agosti 1997, familia inawaomba mkae msikilize maisha ya mama tunayemzika, maneno ambayo sehemu kubwa yametoka kinywani mwa binti yake Jentrix, aliyeishi naye miaka kumi na minne ya mwisho, na ambaye leo ameshindwa kusimama kuyasoma.

Mama Dorca Aoko alizaliwa mwaka wa 1924 karibu na Kombewa, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Nyamori na Mama Rosa, akaingia shule ya misheni mwaka wa 1933, akasoma hadi darasa la nne mwaka wa 1937, na hapo ndipo bibi mmoja wa misheni alipomfundisha kushona, kazi aliyoipenda kuliko hata kusoma. Mwaka wa 1943 alikuja Kisumu mjini akapata nafasi ya kushona kwenye baraza la duka la nguo, na wengi mlioketi hapa mlivaa sare za shule zilizopita mikononi mwake.

Tarehe 12 Desemba 1946 alifunga ndoa kanisani na Bwana Enos Shitanda, fundi wa reli kutoka Kakamega, ndoa iliyoshangaza pande zote mbili kwa sababu bibi harusi hakujua Kiluhya na bwana harusi Kidholuo kilimkataa ulimi, wakaijenga nyumba yao juu ya Kiswahili. Walijaliwa watoto wanne, Zadock mwaka wa 1948, Jentrix mwaka wa 1951, Maximilla mwaka wa 1955, na Rosa mdogo, aliyezaliwa na kufariki mwaka wa 1958. Mwaka wa 1961 walihamia hapa Nyamasaria, na hapa ndipo Mzee Enos alipozikwa mwezi wa Machi 1982.

Ugonjwa wa Mama ulianza mwaka uliofuata, mwezi wa Juni 1983, na kwa muda mrefu watoto walidhani ni huzuni ya ujane, maana alikaa bila kula, hakulala, akawa anajibizana na watu wa darini ambao hakuna mwingine aliyewasikia, mpaka siku alipomtazama Jentrix usoni akamwuliza, "Wewe ni nani, na binti yangu umempeleka wapi?" Mwezi wa Septemba alilazwa Nairobi kwa muda wa miezi miwili, akarudi na tembe za kumeza asubuhi na jioni, na Jentrix, ambaye alikuwa ameachana na mumewe, akarudi nyumbani kumtunza. Familia haioni aibu kulisema hili, kwa sababu dawa hizo zilimrudisha Mama kwetu, na kuanzia 1984 hadi 1990 alishona, aliimba, alilima mboga, na kumkaripia kila mjukuu aliyeingia ndani na viatu.

Mwaka wa 1990 zile sauti zilirudi, dawa ikaongezwa, sauti zikanyamaza, lakini Mama naye akapoa, akawa anasinzia katikati ya mahubiri, mikono ikamtetemeka hata uzi haukuingia sindanoni, na chakula kikawa kinampalia. Mwezi wa Agosti 1991 akatokwa na malengelenge ubavuni, yale ya mkanda wa jeshi, akalia kwa maumivu kwa wiki tano, na ninyi mnajua miaka ile watu walisema nini walipouona mkanda wa jeshi. Mama alikuwa mjane wa miaka sitini na saba, hata hivyo dada wawili wa kwaya walihama benchi lake, na alipopata nafuu alimwambia Jentrix, "Nipeleke nipimwe damu, halafu siku yangu ikifika mtangaze." Alipimwa mara mbili, na mara zote mbili hakuwa na virusi vya UKIMWI, na leo tunatangaza, kama alivyotaka.

Ikiwa haikuwa hiyo, ilikuwa nini basi, hapo ndipo Jentrix alipoanza kuchanganyikiwa, na bado hajatoka. Mwaka wa 1992 Mama alishikwa na mafua mara tatu, mwaka wa 1993 mafua yakashuka kifuani yakawa nimonia, na kila aliyekuja kumwona alikuja na jibu lake, wazee wakasema ni chira, kwamba kuna mwiko uliovunjwa nyumbani, mchungaji akasema ni majaribu, naye Maximilla akazishika zile tembe mkononi akasema, "Tangu mumwongezee hizi, amewahi kumaliza miezi mitatu bila kuugua?" Jentrix alihesabu miezi kwa vidole, akakuta mdogo wake anasema kweli.

Alikwenda kwa Tabibu Simiyu, aliyekuwa akimwona Mama kliniki kila mwezi, akamwuliza kama dawa za akili ndizo zinazomfungulia Mama mlango wa virusi vya mafua. Tabibu akasema, "Jentrix, nikikuambia ndiyo nitakudanganya, na nikikuambia hapana pia nitakudanganya. Uzee wenyewe unapunguza kinga. Dawa nayo inamlaza, hakohoi vizuri, chakula kinaweza kupotea njia kikaingia mapafuni. Lakini ni kipi kinachotangulia, mimi sijui." Jentrix alirudi nyumbani akiwa na hasira, maana alikuwa amekwenda kutafuta jibu, akapewa maswali matatu.

Basi mwezi wa Februari 1994, bila kumwambia tabibu, akaziacha zile tembe ndani ya kabati. Wiki ya kwanza Mama hakulala, wiki ya tatu macho yake yakachangamka, mikono ikatulia, akatunga uzi mwenyewe, akacheka kicheko ambacho nyumba ilikuwa imekisahau, na Jentrix akapiga magoti kumshukuru Mungu kwamba sasa ameelewa. Wiki ya saba Mama alichukua mkasi akakata kanzu kumi na mbili za kwaya vipande vipande, akisema zimeshonewa maiti, na kesho yake akaondoka nyumbani. Walimtafuta Mamboleo, wakamtafuta stendi, wakamtafuta Kombewa kwa ndugu zake, na siku ya tatu akina mama waanikao omena, wale dagaa wa ziwani, ufukoni Seme wakamkuta amesimama majini mpaka kiunoni, akimwita Rosa, yule mtoto aliyefariki 1958. Walimtoa, wakamvisha leso zao, wakamnywesha uji, na mmoja wao akapanda gari pamoja naye hadi Nyamasaria, jina lake hakutuachia.

Jentrix alizirudisha dawa siku hiyo hiyo na kwenda kukiri kwa tabibu, ambaye hakumlaumu, ila tangu siku hiyo kila Jentrix alipompa Mama tembe alisita, maana aliogopa kumpa na aliogopa kumnyima. Mwezi wa Mei 1996, baada ya nimonia ya pili, Tabibu Simiyu alimpunguzia Mama dawa kidogo, hatua kwa hatua, na kwa kuwa kichwa cha Mama wakati huo kilikuwa kizuri, alimketisha akamweleza yote, kwamba huenda dawa inakidhoofisha kifua chake na huenda siyo dawa, na kwamba kuiacha kabisa kunaweza kumrudisha ziwani. Mama aliuliza swali moja tu, "Nikiacha, nitawajua watoto wangu?" Tabibu akasema hawezi kumwahidi hilo. Mama akasema, "Basi nitameza. Kifua nitapigana nacho, lakini nataka nikifa niwe najua ni nani amenishika mkono."

Mwishoni mwa Julai mwaka huu homa ya mafua iliingia Nyamasaria, ikapita nyumba kwa nyumba, wajukuu wakaugua siku nne wakarudi kucheza, Jentrix mwenyewe akalala siku mbili, nao majirani wenye umri wa Mama, wasiomeza dawa yoyote, wawili wakapona haraka na mmoja akalazwa. Mama alianza kukohoa tarehe 5 Agosti, akalazwa tarehe 9, akawekewa oksijeni, na Alhamisi tarehe 14 Agosti 1997, saa tatu asubuhi, akamwita Jentrix kwa jina, Zadock kwa jina, Maximilla kwa jina, kisha akatuacha, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Ameacha watoto watatu na wajukuu kumi na mmoja.

Mtatuuliza ni nini kilichomuua, na tungependa kuwapa jibu moja mlibebe mkienda, lakini hatunalo, kwa kuwa virusi ni vile vile vilivyowashika majirani, miaka ilikuwa mingi, na dawa alikuwa anaimeza. Jentrix anaamka kila siku na jibu tofauti, leo anajilaumu kwa kumpa, kesho kwa zile wiki saba za kumnyima, nasi tunawaomba msimwongezee la tatu.

Familia inamshukuru Tabibu Simiyu, ambaye hakuona aibu kutuambia hajui, madaktari na masista wa wodi waliokesha naye, majirani waliopika wenyewe wakiwa bado wanakohoa, mafundi wenzake wa kushona, wanakwaya waliomsamehe kanzu zao, na yule mama wa omena, ambaye tunatumaini habari hizi zitamfikia popote alipo.

Mama Dorca Aoko, pumzika sasa, uwe na amani ambayo sisi uliotuacha bado tunaitafuta.