Mama Sufuria Anaondoka, Darasa Lisivunjwe

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha historia katika shule hii, Mama Sufuria anastaafu leo, siku ya kufunga muhula. Nimeombwa niandike wasifu mfupi wa kuchangamsha ukumbi. Nitajaribu, lakini nimekasirika, na walionipa kazi hii wananijua vizuri.

Jina la Sufuria alipewa na wanafunzi. Alipofika kwenye mada nzito hakuwaambia wafungue ukurasa fulani. Alitia vikaratasi ndani ya sufuria kuukuu iliyong'oka mkono mmoja, na kila mtu akachomoa nafasi yake: mfalme, mpagazi, mtoza ushuru, mjane mwenye shamba. Sufuria haikujua nani anashika namba ya kwanza na nani anasoma kwa kufuatisha kidole. Aliyeshindwa kusoma kikaratasi alichorewa picha, mambo yakaenda. Mimi nafundisha jiografia chumba cha pili, na ukuta wenyewe ni mwembamba, kwa hiyo nimesikia falme nyingi zikianguka huku nikieleza mawingu.

Mwaka walipoigiza mgomo wa makuli wa bandarini ndio hausahauliki. Sharti lilikuwa moja tu: hakuna kutoka chumbani mpaka makuli na matajiri wakubaliane. Uongozi wa makuli ukamwangukia Kobe, kijana aliyekuwa bado ananakili ubaoni wenzake wakishafunga mabegi. Kengele ya chai ikalia. Werevu wetu wote wakawa tayari kupokea mshahara wowote ili wawahi foleni! Kobe akawazuia mmoja mmoja, kwa upole, akiwauliza watoto wa makuli watakula nini. Mwalimu mkuu, huyu huyu tuliye naye, akaja kuwatoa. Kobe akasimama.

"Samahani, mwalimu. Bado hatujakubaliana."

Darasa zima likabaki limeketi. Mama Sufuria alikuwa kona ya nyuma, anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga.

Kobe hakuja kuwa namba moja, tusidanganyane. Alifaulu kwa alama za kawaida, lakini darasa lile lilifaulu lote, hadi mshika mkia. Nionyesheni mwaka mwingine wa namna hiyo.

Sasa sikieni. Wiki hii hii, kamati ya kumuaga ikichangisha pesa za keki, limebandikwa tangazo la mwalimu mkuu kwamba kuanzia muhula ujao wanafunzi wa historia watatenganishwa: wepesi ghorofani, wazito kule karibu na stoo. Mwenye somo hakuulizwa hata kwa adabu. Mnampongeza mpishi huku mnalivunja jiko lake? Hiyo ni dharau, na mimi siimezi.

Mwenyewe hakulalamika. Jana alinikabidhi sufuria, kaisugua mpaka inang'aa, akanionya nisije nikaichemshia chai.

Dada yetu, asante kwa kutufundisha kwamba mtoto mzito ni yule ambaye hajapewa nafasi. Tunakuombea afya, magoti yasiyouma na asubuhi ndefu zisizo na kengele. Wewe nenda nyumbani, usitungoje. Nimeshazungumza na wenzangu. Mwalimu mkuu, keki italiwa, picha zitapigwa, kisha sisi walimu tutabaki kwenye viti vyetu humu humu ukumbini.

Bado hatujakubaliana.